Vijiko Vitano

Der Löffel, die Gabel, das Messer.
Saa nne ya usiku, Katwe, umeme umekwenda zake,
na Ansima binti yangu amekaa juu ya debe la maji
anagawia vyombo vyangu jinsia:
kijiko ni mwanamume,
uma ni mwanamke,
kisu, eti, si huyu wala yule.
"Mama, watu gani hawa?"
Namwambia, sisi tuna ngeli kuliko vidole vya mkono
na hukuwahi kuzililia.

Mtihani ni Alhamisi. Akifaulu,
hospitali ya Graz itamchukua
awe akiwageuza wazee wao vitandani.

Bisimwa wa shangazi yuko huko mwaka wa sita.
Akipiga simu hucheka: Kijerumani cha nini?
Kazini Kiingereza, dukani mashine,
unaweka mkate, inasema bip, unalipa, unakwenda.
Mtoto anajichosha bure.

Labda.

Mimi nilifika hapa kutoka Bukavu na Kiswahili changu chote,
nikakitandaza kama kitenge kipya.
Nnaalongo mwenye nyumba aliponisikia mlangoni
alirudi nyuma hatua mbili.
Masikioni mwake ilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani,
ya buti, ya lala chini, ya mume wako yuko wapi.
Nilikuwa naomba chumvi.

Miaka miwili nikakila Kiganda kwa njaa.
Nilikosea sauti ya neno moja, bei ya nyanya ikapanda;
nikarekebisha, ikashuka shilingi mia tano.
Hata ndotoni nilikuwa napunguziwa bei.
Ndipo asubuhi moja nikamkuta Nnaalongo anafagia uani, nikasema
gyebale ko, nnyabo,
akasimama, ufagio hewani,
kama mtu aliyeitwa na marehemu wake.
Chumvi ilikuja jioni ile
na bakuli la mchuzi wa karanga juu yake.

Lakini nisimfiche Ansima.
Kuna Mjerumani pale Muyenga, mwaka wa kumi na moja,
hununua vitenge kwangu vya kushonea mapazia.
Neno lake ni moja, webale,
na kila akilitamka hulivunja mguu,
na kila akilivunja soko zima humpigia makofi.
Mimi nina lugha nzima mdomoni
na bado naulizwa kitambulisho.
Kwa hiyo usiniulize, mwanangu, kama ni lazima.
Lazima ina watu wake. Wengine hupita kando yake
wakitafuna karanga.

Jumapili Bisimwa alipiga, hakucheka.
Bibi wa ghorofa ya chini, aliyemwachia matufaha mlangoni
kila mwaka majani yakipukutika, amekufa.
Binti yake alikuwa kwenye ngazi amekumbatia taa ya mezani.
"Miaka sita, dada, nilikuwa nampungia mkono tu.
Nikasimama pale na kofia yangu.
Nikaitafuta pole mfuko mzima,
nikakuta bip."

Ansima alimuuliza mwalimu wake: pole ni nini kwa Kijerumani?
Mwalimu akampa moja ya msiba,
nyingine ya kumkanyaga mtu mguu.
Na ya aliyejikwaa mwenyewe? Ya aliyebeba mzigo?
Ya anayerudi kazini amechoka?
Mwalimu akatazama dirishani.
Ansima kaandika pole pembezoni mwa daftari,
kaizungushia duara, kaiacha hapo.

Mimi niko kwenye beseni. Nasugua, najaribu kwa siri,
ulimi mzito kama ugali wa jana:
die Löffel.
Anaangua kicheko gizani. "Der, mama! Der! Mwanamume!"
Halafu kimya. Ananyanyua simu, anamulika beseni,
anahesabu, midomo ikisogea.
Vitano.
"Vikiwa vingi ni die," anasema polepole. "Umepatia."

Sikujua nimepatia.
Lete kitambaa, nikamwambia, vitakauka na madoa.